Kibarua wa Kitanzi: Maisha na Kazi ya Albert Pierrepoint

Mwanzoni mwa Januari 1956 Albert Pierrepoint alifunga safari hadi gereza la Strangeways mjini Manchester, safari aliyokwisha kuizoea. Alifika mchana, akaingia kwenye chumba cha kunyongea, akaanza matayarisho ya kesho yake asubuhi. Zikiwa zimesalia saa zipatazo 12, habari zikaletwa kwamba mhukumiwa amepata msamaha na hanyongwi tena. Pierrepoint akafungasha vitu vyake, akatoka nje, theluji ikamkatisha njiani, akalala hotelini. Wiki mbili baadaye akapokea hundi. Ilikuwa ya nauli tu.

Malipo yake ya kawaida yalikuwa pauni 15. Aliwaandikia Tume ya Magereza akilalamika: kwingine mtu aliposamehewa yeye alilipwa zote, na safari hii alikuwa ameingia gharama ya kuajiri watu wa kumshikia baa yake wakati hayupo. Jibu lilikuwa la kiofisi hasa. Kwanza, suala hilo ni baina yake na sherifu aliyemwita, Tume haihusiki. Pili, asisahau masharti yake: analipwa kwa kunyonga, na hapa hakunyongwa mtu. Sherifu akajaribu kusuluhisha kwa kumpa pauni 4. Tarehe 23 Februari Pierrepoint akaandika barua fupi: anaacha kazi mara moja, na jina lake lifutwe kwenye orodha.

Huyu ndiye mtu aliyekuwa amenyonga mamia ya watu kwa niaba ya dola. Makadirio yanaanzia 435 na kupanda hadi 600, na mwenyewe hakupenda kutaja idadi. Imekuwaje mtu wa namna hiyo amalizane na serikali yake kwa ugomvi wa pauni 11?

Hapa ndipo wengi hupotea. Ukisikia "mnyongaji rasmi wa Uingereza" unamfikiria mtumishi mwenye cheo, mshahara wa mwisho wa mwezi na pensheni inayomngoja. Pengine hata unamwona na kofia nyeusi ya kufunika uso. Pierrepoint alivaa suti, na ajira yenyewe haikuwapo. Sheria ilimtwika jukumu la kutekeleza hukumu sherifu wa kaunti, na sherifu huyu si yule wa filamu za Marekani mwenye nyota kifuani na bastola kiunoni. Ni mtu mwenye hadhi, aghalabu mwenye mali, aliyeteuliwa kwa mwaka mmoja kumwakilisha mfalme katika mambo ya sheria ya kaunti yake. Ikipita hukumu ya kifo katika eneo lake, yeye ndiye aliyewajibika, na asipopata mtu wa kumfanyia, kisheria ilimpasa afanye mwenyewe. Hakuna sherifu aliyetaka kufika huko. Kwa hiyo alichukua jina kutoka kwenye orodha fupi iliyotunzwa London, akamwandikia mwenye jina hilo barua, akamkodi kwa kazi moja. Kazi ikiisha, wamelipana, wameachana.

Kibarua, basi, kwa maana ile ile tunayoijua wote: kazi ikiwapo unaitwa, isipokuwapo unakaa kwako. Neno "mnyongaji mkuu" lilikuwa la magazeti na la watu wa mitaani. Kwenye makaratasi kulikuwa na orodha ya watu waliopimwa wakaonekana wanafaa, wawili watatu wa kuongoza na wengine wa kusaidia. Mpangilio huu uliipa serikali kitu ilichokihitaji sana, yaani umbali. Tume inatunza majina lakini haiajiri, sherifu anaajiri lakini hashiki kamba, mfungwa hamjui anayemjia, na aliyemjia hakumhukumu. Ukitafuta mkono uliofanya kitendo, unakuta vidole vingi na kila kimoja kinaonyesha kingine.

Orodha hiyo nayo ilizaliwa na aibu. Katika karne ya 19 kunyonga lilikuwa tamasha la hadharani, na kwa miaka 45, kuanzia 1829 hadi 1874, aliyetamba alikuwa William Calcraft, fundi viatu. Calcraft alitumia kamba fupi. Mtu hakufa kwa kuvunjika shingo. Alikabwa polepole, umati ukitazama. Mwaka 1868 Bunge lilihamishia shughuli hiyo ndani ya kuta za magereza, na aliyemfuata Calcraft, William Marwood, ambaye naye alikuwa fundi viatu, akaleta wazo lililobadilisha kila kitu: urefu wa kuanguka ulingane na uzito wa mtu, ili shingo ivunjike papo hapo. Msomi wa Ireland, Samuel Haughton, alikuwa ameshachapisha hesabu za jambo hilo mwaka 1866. Ajabu ni kwamba nadharia ya profesa ilimngoja fundi viatu wa Horncastle aje kuitendea kazi.

Hesabu nusu nusu ilileta balaa lake. Mwaka 1885 ulikuwa mchungu kwa James Berry, aliyekuwa polisi kabla ya kushika kitanzi. Mwezi Februari, huko Exeter, alimsimamisha John Lee juu ya mlango wa sakafuni mara tatu, na mara tatu mlango ukagoma kufunguka. Lee akarudishwa selo na hukumu yake ikageuzwa kuwa kifungo cha maisha. Novemba, huko Norwich, kosa lilikuwa la upande mwingine: kuanguka kulizidi kipimo, na kichwa cha Robert Goodale kikakatika. Serikali ikaunda kamati chini ya Lord Aberdare, nayo ikatoa ripoti mwaka 1888. Matunda yake ni mambo yaliyodumu mpaka mwisho wa adhabu hiyo Uingereza: jedwali rasmi la uzito na urefu, mafunzo, msaidizi wa lazima, na hiyo orodha ya watu waliopimwa. Berry mwenyewe aliishia kuwa mhubiri na kupinga adhabu ya kifo. Tumkumbuke, maana si wa mwisho wa kundi lake kubadili kauli.

Ndani ya mfumo huu ndimo walimoingia akina Pierrepoint, na waliingia kifamilia. Baba yake Albert, Henry, aliyejulikana kama Harry, alianza mwaka 1901. Mwaka 1906 akamvuta kaka yake, Thomas. Harry alijivunia kazi hiyo kuliko ilivyokuwa salama, na pombe ikamwangusha. Julai 1910 alifika gereza la Chelmsford akiwa amelewa, akampiga msaidizi wake, John Ellis, na jina lake likaondolewa. Aliyemshtaki ni Ellis huyo huyo, kinyozi wa Rochdale, ambaye baadaye aliongoza mwenyewe kwa miaka mingi, akaacha mwaka 1924 akiwa amechakaa rohoni, na mwaka 1932 akajiua.

Albert alizaliwa Machi 1905 huko Clayton, karibu na Bradford. Alikuwa na miaka mitano baba yake alipofukuzwa, kwa hiyo kazi ile aliijua kwa masimulizi zaidi kuliko kwa macho. Harry aliuza kumbukumbu zake kwa gazeti la kila wiki, na kijana alizisoma kama watoto wengine wanavyosoma hadithi za mabaharia. Akiwa na miaka 11, walipoambiwa shuleni waandike wangependa kuwa nani ukubwani, aliandika kwamba angependa kuwa mnyongaji rasmi. Harry alipofariki mwaka 1922, urithi uliomfikia Albert ulikuwa madaftari mawili ya simulizi za baba yake na kumbukumbu ya watu aliowanyonga.

Watu hupenda kusema mtoto wa nyoka ni nyoka, halafu wakaona wamemaliza. Mimi naona jambo hili lilikuwa la kawaida zaidi, na kwa hiyo la kutisha zaidi. Katika miji ile ya viwanda vya pamba mtoto wa mchimba makaa alishuka shimoni na mtoto wa mfumaji akaenda kwenye mashine. Albert mwenyewe alianza kiwandani akiwa mdogo, kisha akawa mpelekaji mizigo wa duka la jumla la vyakula, kwanza kwa gari la farasi na baadaye kwa lori, akipata pauni 2 na shilingi 5 kwa wiki. Tofauti yake na wenzake ni kwamba nyumbani kwao palikuwa na njia nyingine ya kutoka, na njia yenyewe ilikuwa hiyo.

Aliomba mwaka 1931. Aliambiwa hakuna nafasi. Mtu mmoja alipoacha, akaitwa kwenye usaili Strangeways, kisha akapelekwa gereza la Pentonville, London, kwa mafunzo ya wiki moja. Huko alifanyia mazoezi mwanasesere mzito aliyepewa jina la Old Bill: kumfunga, kumweka mahali, kukokotoa, kuvuta wenzo, na kuanza upya, mpaka mikono ifanye bila kusubiri akili. Septemba 1932 jina lake likaingia orodhani kama msaidizi. Malipo ya msaidizi yalikuwa pauni 1, shilingi 11 na pensi 6 kwa kila kunyonga, na kiasi kama hicho tena baada ya wiki mbili, endapo mwenendo wake ungeonekana mzuri. Jumla inazidi ujira wake wa wiki nzima dukani, lakini mwaka mzima ungeweza kuleta kazi chache tu. Hakuna aliyeweza kuishi kwa hiyo. Na hizo wiki mbili za kungoja nusu ya pili zilikuwa na maana yake: kama umekwenda baa ukatapika siri za gerezani, habari itakuwa imeshafika.

Kazi ya kwanza aliyoshuhudia ilikuwa Dublin, katika gereza la Mountjoy, mwishoni mwa Desemba 1932, akiwa na ami yake Thomas. Ireland ilikuwa imeshajitenga na utawala wa London, kwa hiyo Thomas hakubanwa na orodha ya Tume na aliweza kumchukua amtakaye. Inafaa kutua hapa kidogo. Taifa lililopigana kuwaondoa Waingereza liliendelea kuagiza mnyongaji kutoka Uingereza kwa zaidi ya miaka thelathini. Mtu wa mwisho kunyongwa Ireland, Michael Manning, mwezi Aprili 1954, alinyongwa na Albert Pierrepoint. Kila dola ilitaka adhabu hiyo iwepo. Wa kuitekeleza afadhali atoke kwa jirani.

Kutoka kwa ami Thomas alipata mafunzo ambayo Old Bill hakuweza kumpa, likiwamo onyo kwamba kama huwezi kuifanya kazi hii bila kunywa kwanza, usiifanye kabisa. Kwa familia iliyomwona Harry akianguka, hilo halikuwa neno la kupita. Kwa miaka tisa Albert alikuwa msaidizi, mtu wa kufunga miguu na kurudi nyuma haraka. Kuongoza alianza tarehe 17 Oktoba 1941 huko Pentonville, kwa Antonio Mancini, jambazi na msimamizi wa klabu ya usiku, ambaye akiwa tayari juu ya mlango wa sakafuni aliwaaga waliokuwapo kwa neno moja la uchangamfu, kama mtu anayetoka kwenye karamu.

Sasa tuingie kwenye kazi yenyewe, maana bila kuielewa huwezi kumwelewa Pierrepoint. Baada ya hukumu, mfungwa aliwekwa katika selo maalumu akiwa na askari magereza wawili usiku na mchana, wakicheza naye karata na kuzungumza naye. Ilikuwa desturi zipite Jumapili tatu kabla ya siku yenyewe. Mnyongaji na msaidizi waliingia gerezani mchana wa siku iliyotangulia, na hawakuruhusiwa kutoka tena mpaka shughuli iishe. Walipewa uzito na kimo cha mfungwa, kisha Pierrepoint alimchungulia kupitia tundu la mlangoni bila mwenyewe kujua, akitazama shingo, mabega na anavyotembea. Jedwali lilitoa namba, naye aliongeza au kupunguza kwa jicho la uzoefu. Jioni walijaribu mtambo kwa gunia la mchanga na kuliacha lining'inie usiku kucha, ili kamba inyooke isije ikavutika asubuhi.

Jambo ambalo mfungwa kwa kawaida hakulijua ni kwamba chumba chenyewe kilikuwa nyuma ya ukuta wa selo yake. Katika magereza mengi kulikuwa na kabati kubwa la nguo. Asubuhi, saa ilipotimia, mlango ulifunguliwa, wageni wawili wakaingia, mikono ya mfungwa ikafungwa nyuma, kabati likasukumwa kando, na mlango ambao hakuwahi kuuona ukawa wazi, na hatua chache mbele yake kitanzi. Kofia nyeupe kichwani, miguu ikafungwa, wenzo ukavutwa. Kwa kawaida yote hayo, tangu kuingia selo mpaka mwisho, yalichukua sekunde zisizofikia ishirini. Mei 1951, Strangeways, yalichukua sekunde saba.

Sekunde hizo ndizo zilizokuwa fahari yake. Ukisoma alivyojieleza, husikii mtu anayezungumzia haki au kisasi, unasikia fundi. Seremala anaringia kiungo kisichoonyesha ufa, naye aliringia kwamba mtu hakupata muda wa kuogopa. Ndiyo maana alichukizwa na taratibu za Wamarekani wakati wa vita, walipotumia gereza la Shepton Mallet kuwanyonga askari wao, kazi aliyoifanya kama msaidizi wa Thomas. Kwao mhukumiwa alisimama juu ya mlango huku akisomewa waranti na kupewa nafasi ya kusema neno la mwisho, na dakika nzima nzima zikapita. Kwa Wamarekani hiyo ilikuwa haki ya mtu. Kwa Pierrepoint ulikuwa ukatili. Sioni rahisi kuamua nani alikuwa sahihi, na nadhani ugumu huo unasema jambo fulani kuhusu kitu chenyewe.

Mambo hayakwenda vizuri siku zote. Desemba 1941, huko Wandsworth, jasusi Karel Richter alikataa kufa kimya kimya. Alipambana na askari kadhaa, akajigonga kichwa ukutani, na shughuli ya sekunde ikageuka ya dakika 17. Mwaka 1950, Tume ya Kifalme iliyokuwa ikichunguza adhabu ya kifo ilipomwita kutoa ushahidi na kumuuliza kama amewahi kupata tatizo, aliyemtaja ni jasusi.

Vita vilipokwisha alibadilika kutoka mtu asiyejulikana na kuwa jina la kila nyumba, na hakupenda. Desemba 1945 alipelekwa Hameln, Ujerumani, kwa ajili ya waliohukumiwa katika kesi ya Belsen, kambi ya mateso ya Wanazi. Field Marshal Montgomery, mkuu wa majeshi ya Uingereza huko, alitangaza kwa waandishi nani anakwenda, na safari iliyotakiwa kuwa ya siri ikawa habari. Tarehe 13 Desemba alinyonga watu 13 kwa siku moja, akiwamo kamanda wa kambi, Josef Kramer, na Irma Grese, mlinzi wa kike mwenye umri wa miaka 22. Wanawake walipelekwa mmoja mmoja, wanaume wawili wawili. Katika miaka michache iliyofuata alikwenda Ujerumani na Austria mara 25 na kunyonga watu wapatao 200. Kwa hesabu hiyo, sehemu kubwa ya idadi yake ya maisha haikutoka Uingereza kabisa. Nyumbani, Januari 1946, alimnyonga William Joyce, mtangazaji wa propaganda za Wanazi aliyejulikana kama Lord Haw-Haw. Mwaka huo huo kazi ya ami Thomas, mwenye zaidi ya miaka 70, ikafikia mwisho. Albert akabaki juu peke yake, na sasa watu barabarani walitaka kumpa mkono.

Mke wake, Annie, alikuwa na duka la pipi na sigara milango miwili kutoka duka alilofanyia kazi Albert. Walioana Agosti 1943. Alijua anakokwenda mumewe anapopotea siku mbili, lakini hakuuliza. Mwaka 1946 walichukua baa huko Hollinwood, karibu na Oldham, iliyokuwa na jina ambalo mtunga hadithi angeona aibu kulibuni: Help the Poor Struggler, yaani msaidieni maskini anayehangaika. Wateja walijua mwenye baa ni nani, na wengine walikuja kwa sababu hiyo hiyo. Yeye hakuzungumza.

Baani hapo kulikuwa na mteja, James Corbitt, aliyependa kuimba. Jioni waliimba pamoja, na kwa utani wakapeana majina: Tish na Tosh. Usiku mmoja wa mwaka 1950 waliimba kama kawaida, kisha Corbitt akaenda akamnyonga mpenzi wake kwa wivu. Tarehe 28 Novemba, Strangeways, mlango wa selo ulipofunguliwa, aliyeingia alikuwa Tosh wake. Walisalimiana kwa majina yale ya utani. Pierrepoint alisema baadaye kwamba salamu ile ilimtuliza Corbitt, akatembea bila kusukumwa.

Kisa hiki ndicho alichokitumia baadaye kueleza kwa nini haamini kwamba kitanzi kinazuia mauaji. Hoja yake haihitaji takwimu. Kama yupo mtu duniani aliyepaswa kuzuiwa na hofu, ni huyu, aliyekuwa akimwangalia mnyongaji usoni kila jioni na kuimba naye. Na kama huyu hakuzuilika, nani atazuilika? Waweza kujibu kwamba mtu mmoja si ushahidi, na kwamba waliozuiliwa hawaonekani kwa sababu hawakuua. Ni jibu la haki. Ila Pierrepoint aliwatazama machoni mamia ya hao wasiozuilika, asubuhi yao ya mwisho, na wapinzani wake wengi hawajamtazama hata mmoja.

Halafu kuna wale ambao hawakupaswa kuwa pale kabisa. Machi 1950, Pentonville, alimnyonga Timothy Evans, aliyepatikana na hatia ya kumuua binti yake mchanga. Mke wake pia alikuwa ameuawa. Shahidi mkubwa dhidi ya Evans alikuwa mpangaji wa chini katika nyumba hiyo hiyo, John Christie. Miaka mitatu baadaye maiti za wanawake zikapatikana zimefichwa kwa Christie, naye akakiri kumuua mke wa Evans. Julai 1953 Christie akapelekwa Pentonville ile ile, kwa mnyongaji yule yule. Evans alisamehewa rasmi mwaka 1966, alipokuwa hana haja tena na msamaha. Januari 1953 ilikuwa zamu ya Derek Bentley, kijana wa miaka 19. Polisi alikuwa ameuawa kwa risasi, lakini aliyefyatua ni mwenzake wa miaka 16, ambaye kwa umri wake hakuweza kunyongwa. Mahakama iliifuta hatia ya Bentley mwaka 1998.

Julai 1955, katika gereza la Holloway, alimnyonga Ruth Ellis, mwanamke wa miaka 28 aliyempiga risasi mpenzi wake nje ya baa. Umati ulijaa getini na nchi iligawanyika. Ellis akawa mwanamke wa mwisho kunyongwa Uingereza, na miezi saba baadaye mnyongaji wake akaacha kazi. Kuunganisha mambo hayo mawili ni kishawishi kikubwa, na mpaka leo utasikia watu wakisema dhamira ilimsuta. Mwenyewe alikana. Barua zinamuunga mkono: ugomvi ulikuwa wa pauni 15, na kitu kilichouma zaidi ya hela ni kuambiwa, baada ya miaka 23, kwamba masharti ni yale yale ya kibarua.

Hata hivyo hadithi ya mtu aliyeonewa nayo ina tundu. Tangu Januari hiyo hiyo alikuwa akizungumza na gazeti la Jumapili kuhusu kuuza simulizi zake kwa pauni 30,000 hadi 40,000, fedha ambazo kwa bei ya pauni 15 ingembidi anyonge maelfu ili azipate. Hangeweza kuzichapisha akiwa bado orodhani. Simulizi zilipoanza kutoka, serikali ilifikiria kumshtaki kwa sheria ya siri za dola, ikaona afadhali iwabane wachapishaji, na mfululizo ukakatishwa. Baba yake naye, tukumbuke, aliuza habari zake gazetini baada ya kufutwa.

Kitabu chake cha kumbukumbu kilitoka mwaka 1974, miaka kadhaa baada ya Bunge kusimamisha adhabu hiyo kwa mauaji mwaka 1965 na kuifuta moja kwa moja mwaka 1969. Wanyongwa wa mwisho walikuwa wawili, saa mbili asubuhi ya tarehe 13 Agosti 1964, mmoja Manchester na mwingine Liverpool, kwa mikono ya watu wengine wa orodhani. Katika kitabu Pierrepoint aliandika kwamba kazi yote aliyoifanya haikuzuia hata mauaji mamoja, na kwamba adhabu ya kifo haijaleta kitu zaidi ya kisasi. Wapinzani wa kitanzi walimkumbatia. Ni nani atabishana na mtu aliyeshika kamba?

Mwaka 1976, akihojiwa na redio ya BBC ya Merseyside, aliwaharibia. Alisema uhalifu umeongezeka tangu alipoandika, na kwamba sasa yuko katikati, leo anaona hivi kesho anaona vile. Wanaomnukuu kwa kawaida huishia kitabuni, na kipande cha redio hukiruka. Kwangu kipande cha redio ndicho kinachofanana naye zaidi. Kwa robo karne kazi yake ilikuwa kutokuwa na maoni kati ya saa tatu kamili na sekunde kumi na tano baadaye. Wapo waliolipwa kuamua, naye alilipwa kutekeleza. Alipotakiwa awe na maoni kwa niaba ya taifa, aliyatoa, kisha akayachukua nusu.

Alifariki Julai 1992 huko Southport. Kunyonga kwa uhaini kulikuwa bado kumo kwenye sheria, mpaka mwaka 1998, na kwa hiyo mtambo wa Wandsworth ulikuwa ungali umesimama, ukitunzwa na kujaribiwa mara kwa mara. Ulibomolewa mwaka 1993.